Buti Ziko Pembeni, Mjomba Yuko Kazini

Nyie watu mna shida. Nasema nyie, na wewe unayesoma umo, usigeuke nyuma kutafuta nani anaambiwa.

Wiki mbili zilizopita mtu mmoja kapita na pikipiki kwenye bwawa dogo la umeme, kaona mzee kaketi kwenye kizingiti cha nyumba ya mtambo. Mzee pekupeku, nyayo kazibandika sakafuni, macho kayafumba. Pembeni yake buti mpya nyeusi zimepangwa kama ziko dukani. Juu ya kichwa chake, ukutani, kibao kimeandikwa VAA VIATU VYA USALAMA. Yule wa pikipiki kapiga picha, katupia mtandaoni, kaandika chini yake: "Ndiyo maana umeme unakatika."

Mkacheka. Mmoja akaandika mzee anazitunza hizo buti za kuzikwa nazo. Mwingine eti anasubiri mteja. Watu elfu nne na ushee mmebonyeza kile kiuso kinachotoa machozi kwa kicheko, na mimi nilibonyeza kabla sijaikuza picha nikaiona ile miguu vizuri. Ile miguu naijua. Ni ya mjomba wangu, kaka yake mama, toka nitoke.

Kwa hiyo kaa chini nikwambie kwa nini mtu ana buti na hazivai. Nasema mara moja tu, sirudii.

Bwawa lenyewe si lile unalolifikiria, la kwenye kalenda. Ni ukuta wa mawe na saruji, kimo cha nyumba ya kawaida, umeziba mto ambao kiangazi unauruka kwa hatua tatu. Nyuma ya ukuta kuna maji ya kijani, bata wa watu, na majani yanayoelea. Mbele kuna bomba moja nene linateremka mpaka kwenye chumba cha tofali, na ndani ya chumba kuna mtambo mmoja mzee unaokoroma kama babu aliyeshiba. Umeme unaotoka hapo unatosha taa za kijiji, redio, simu, na kitu kimoja kizito. Maji yakiwa mengi, kimoja na nusu.

Tatizo ni kwamba vizito viko viwili. Kuna mashine ya kusaga, ya shemeji yake mjomba, yaani kaka wa mkewe. Kuna mashine ya kuchomelea, ya fundi wa milango. Wakiwasha wote wawili kwa pamoja taa zinageuka rangi ya chai ya jana, mtambo unazidiwa, na anayeumia wa kwanza ni kinyozi. Kinyozi hali umeme mwingi, masikini. Ila mashine yake ikikosa nguvu katikati ya kichwa haikati tena. Inang'oa.

Ndiyo maana kijiji kile kina utaratibu wake. Hakuna anayewasha kitu kizito bila kumpigia mjomba.

"Sikio, habari za saa hizi? Naomba nisage magunia mawili."

"Subiri."

Hapo kunakuwa kimya. Mjomba anausikiliza mtambo.

"Fundi anamalizia mlango. Mpe dakika kumi. Halafu uwashe taratibu, shemeji, si kama unafukuza mwizi."

Sikio ndilo jina lake. Lake la kuzaliwa lipo kwenye vyeti, na nadhani hata mkewe lazima afikirie kidogo kabla ya kulitaja. Kazi yake kwenye karatasi ni mlinzi wa lango la maji: kufungua, kufunga, na kuchokoa takataka kwenye wavu wa chuma ulio mdomoni mwa bomba. Hiyo ya kugawa umeme hakuna aliyempa. Alianza mwenyewe, kwa sababu akisimama karibu na mtambo anajua nani kawasha nini. Sitanii. Fundi akigusisha chuma, anajua. Shemeji akizidisha mahindi kwenye mashine, anajua. Kuna mwalimu alinunua kichemshio cha maji akakificha chini ya kitanda. Siku ya kwanza tu kukichomeka, simu ikaita.

"Mwalimu, hayo maji ya kuoga yameshachemka. Zima, fundi ana mlango wa mtu hapa."

Mwalimu mpaka leo anaamini aliuzwa na mkewe.

Miaka kumi na tisa mjomba aliishi na sifa hiyo, na sifa ilimpanda kichwani, au tuseme masikioni. Kwenye harusi anakaa mbali na spika, kaziba kwa pamba. Kelele hataki. Mtu akimpigia honi karibu anamfokea, "Bwana wee, haya masikio ni mali ya umma!" Kila Jumamosi mkewe anamdondoshea mafuta ya uvuguvugu, sikio la kulia kisha la kushoto, kama anapaka bawaba za mlango. Miguu, wala hakuwa na habari nayo. Kazi yake ni ya kuingia majini asubuhi kuchokoa wavu, kwa hiyo viatu aliviacha nyumbani tangu mwaka wa kwanza, na visigino vyake vimepasuka nyufa ambazo ukidondosha sindano humo usiitafute.

Basi likaja sanduku kutoka makao makuu. Ndani yake buti, na barua: kila mfanyakazi avae, bila kisingizio, akikutwa pekupeku hatua kali zitachukuliwa. Buti zenyewe zina chuma kwenye vidole na soli nene kama mkate wa kukata. Mjomba alifurahi, msimwone hivyo. Alizivaa akazunguka nazo kijiji kizima, hata kwa watu asiokuwa na shida nao. Kesho yake akaingia nazo kazini.

Asubuhi hiyohiyo fundi akapiga simu, anaomba kuchomelea geti.

"Subiri," mjomba akasema. Akasikiliza. Akasikia mtambo unakoroma, basi. "Kuko shwari. Washa."

Hakukuwa shwari hata chembe. Shemeji alikuwa bado hajazima, na amejaza mashine mpaka juu. Fundi alipogusisha chuma tu, kijiji kizima kikawa rangi ya chai, na kwa kinyozi sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ya yule mwalimu wa kichemshio, aliyekuwa amenyolewa upande wa kushoto. Tangu siku hiyo mwalimu akawa anafundisha na kofia kichwani, kofia ya baridi, kwenye joto lile, na wanafunzi hakuna aliyethubutu kuuliza.

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mjomba akamzuia shemeji asisage saa nzima, anamwambia fundi anachomelea, na fundi yuko msibani kijiji cha tatu. Siku ya tano wakawasha wote tena, na mota ya shemeji ikatoa moshi mweusi, ikafa.

Kijiji kikatoa hukumu: Sikio kazibwa.

Hapo ndipo nyumbani kukawa hakukaliki. Nilienda kumsalimia, nikamkuta kwenye kiti cha kamba, pamba sikio hili, pamba sikio lile, na mkaza mjomba kasimama mbele yake na kikombe.

"CHAI HII HAPA, MUME WANGU!"

"Unaniitaje kama niko ng'ambo ya bwawa? Nipo hapa!"

"ILI USIKIE!"

"Nasikia!"

"Ungekuwa unasikia, kaka yangu angekuwa na mota."

Mjomba akaninyooshea mkono niende karibu. "Mpwa wangu, ninong'oneze kitu."

Nikanong'ona, "Shati lako limetoboka."

"Shati langu limetoboka. Umesikia, mwanamke? Nasikia!"

"KWAPANI!" mkewe akamjibu. "NIMEKWAMBIA TANGU JUZI!"

Alikwenda mpaka zahanati. Muuguzi akampima, akasimama nyuma yake akakwaruza kucha kwa kucha, mjomba akasema unakwaruza kucha. "Mzee, wewe unasikia kuliko mimi," muuguzi akamwambia, akamwandikia na cheti. Mtu mwingine angefurahi. Mjomba alirudi na kile cheti kakining'iniza kama ametoka kuzika. Kwa sababu kama masikio ni mazima na mtambo hausikii, tatizo sasa liko wapi?

"Umeninunia," aliniambia siku hiyo tukiwa ukutani juu ya bwawa, bata wanapita. "Ule mtambo. Sijui nimeukosea nini. Miaka kumi na tisa tunaongea, leo nausalimia hauitiki."

Nilitaka kucheka. Nikamwangalia usoni, nikaacha.

Shemeji naye hakulala. Aliandika barua makao makuu, kurasa tatu, kwamba mlinzi wa lango ni kiziwi na anahatarisha mali za wananchi. Na mjomba kamuoa dada yake, fikiria. Wakamjibu haraka, jambo ambalo halijawahi kutokea: anakuja afisa wa usalama kazini kumpima Sikio papo hapo kwenye mtambo. Akishindwa, anastaafishwa siku hiyohiyo kwa sababu za kiafya na funguo anakabidhi.

Mjomba alichukua zile funguo tatu za lango akazisugua kwa mchanga na jivu mpaka zikang'aa. Nikamuuliza za nini. Akasema hataki kukabidhi vitu vichafu.

Afisa alikuwa binti mdogo tu, ana kofia ngumu nyeupe na ubao wa kuandikia, na hana muda wa kupoteza. Nilimpenda palepale. Alikuja na mpango kamili: shemeji aliyekwishaweka mota ya kuazima, fundi na kinyozi, kila mmoja kapewa karatasi ya saa, dakika hii washa, dakika hii zima. Yeye anayo nakala ya zote. Mjomba anakaa ndani ya nyumba ya mtambo, kofia kichwani, buti miguuni, anasema nani kawasha.

"Baba, uko tayari?"

"Niko tayari, mwanangu."

"Sasa hivi. Nani?"

Mjomba akainamisha kichwa. Akakunja uso. "Kinyozi."

Afisa akaandika. Alikuwa shemeji, anasaga.

"Na sasa?"

"Fundi... Ndiyo. Fundi."

Hakukuwa na mtu yeyote. Karatasi ilisema wote wakae.

Mara ya tatu, mara ya nne, mara ya tano. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona afisa ameanza kuandika polepole, kama mtu anayeonea huruma kalamu. Mjomba alitoa funguo mfukoni akaziweka juu ya paja. Alikuwa hajaambiwa.

Ndipo taa ya ukutani ikaanza kufifia yenyewe. Njano, kisha nyekundunyekundu. Mtambo ukawa unahema.

"Huyo nani tena?" afisa akauliza.

"Huyo si mtu," mjomba akasema, ameshasimama. "Hayo ni maji. Kuna kitu kwenye wavu."

Akatoka mbio, sisi nyuma yake. Na pale mdomoni mwa bomba, limebanwa kwenye wavu wa chuma, limevimba kama kiboko aliyelewa, kulikuwa na godoro. La sponji, la maua. Mke wa shemeji alikuwa analifua mtoni juu kule, likamponyoka. Ndiyo, shemeji yuleyule wa barua kurasa tatu. Mungu ana ratiba zake.

Mjomba akaingia majini kama alivyozoea. Hatua ya kwanza buti zikajaa maji, ya pili zikamshinda kuinua. Akazivua, akazirusha ukingoni, akachukua mti wake wenye ndoano akavuta lile godoro huku analitukana matusi ambayo hapa siwezi kuyaandika, mama anasoma. Likatoka. Maji yakaingia kwenye bomba kwa mkoromo, taa zikarudi nyeupe.

Akapanda, amelowa, pekupeku, akaingia kwenye nyumba ya mtambo kuangalia kama kila kitu kiko sawa. Akasimama katikati ya sakafu. Halafu nikaona bega lake limeshuka, kama mtu aliyetua mzigo.

"Shemeji anasaga," akasema. Hakuna aliyemuuliza. "Kajaza mno, kama kawaida yake. Kinyozi yuko kichwani. Fundi kimya."

Afisa akaangalia karatasi. Akaangalia saa. Akaangalia karatasi tena.

"Na kuna mtu kawasha pasi," mjomba akaongeza.

"Pasi haimo kwenye mpango wangu, baba."

"Mimi sijui mpango wako, mwanangu. Kuna pasi."

Nikapiga simu nyumbani. Mkaza mjomba akapokea, nikamuuliza nani kawasha pasi.

"Ni mimi, nini? Nampigia pasi shati lake. Akabidhi funguo akiwa kama mtu!"

Afisa akauweka ubao wake chini. Kisha akafanya kitu ambacho kijiji kizima, shemeji, muuguzi, na mimi mwenye simu ya kisasa hakuna aliyewahi kukiwaza. Akazileta zile buti kutoka ukingoni, akamwaga maji yaliyomo, akaziweka mbele ya mjomba.

"Vaa."

Akavaa. "Nani anawasha?"

Mjomba akasikiliza. Uso ukamkunjamana upya. "Umeninunia tena."

"Vua moja."

Akavua moja. "Shemeji anasaga... lakini kama yuko mbali. Kama amehama."

"Vua na hiyo."

"Huyu hapa! Shemeji huyu hapa! Na fundi ndiyo kwanza kawasha!"

Afisa akafungua sanduku la huduma ya kwanza, akatoa pamba, akamziba masikio yote mawili mpaka ndani, akamfunga na bandeji juu yake. Mjomba akawa kama yai la kufungwa. Akamgusa bega: sema.

"FUNDI KAZIMA!" mjomba akapiga kelele, kwa sababu hajisikii mwenyewe. "KINYOZI KAMALIZA KICHWA! SHEMEJI BADO! MWAMBIENI APUNGUZE!"

Nikampigia kinyozi. Mteja ndiyo alikuwa anajipangusa shingo.

Ile bandeji ilipofunguliwa na mjomba akaelezwa, hakufurahi. Nyie mlidhani angeruka. Alikaa kwenye kizingiti, akaangalia miguu yake kwa muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa mtoto wa jirani ni wake.

"Yaani siyo masikio?"

"Siyo masikio, baba. Sakafu inatetemeka, wewe unaisoma kwa nyayo. Kila mashine inatetemesha kivyake."

"Miaka kumi na tisa nadondoshewa mafuta?"

"Hayo hayakudhuru."

"Harusi ya mpwa wangu nimekaa na pamba, sikusikia hata wimbo mmoja!"

Ni harusi ya dada yangu hiyo, na ni kweli. Akamwomba afisa jambo moja tu, kwamba kijijini lisitoke, waendelee kumwita Sikio. Bahati mbaya shemeji alikuwa ameshafika kuchukua godoro lake na alisikia kila kitu. Kabla ya jua kupanda utosini kulikuwa na watu wanaomwita Unyayo. Jina halikushika, mjomba alikataa kumpa umeme yeyote anayelitumia.

Sasa ikabaki barua. Ndani ya nyumba ya mtambo, mtu pekupeku ni hatari, na hilo afisa hakulipindisha. Nyaya ni nyaya. Mimi mwenyewe ukiniuliza nakwambia ni kweli, miaka kumi na tisa mjomba alikuwa anaponea chupuchupu bila kujua. Lakini afisa alikaa akaigonga ile sakafu kwa kisigino, akatoka nje akagonga kizingiti. Saruji moja. Ilimwagwa siku moja, haijakatika. Mjomba akakaa pale nje, nyayo chini, akamtajia wote bila kukosea.

Basi afisa akaomba rangi, akachora mstari wa njano kwenye mlango kwa mkono wake. Ndani ya mstari, buti na kofia. Nje ya mstari, juu ya kizingiti pakavu, mzee anakaa atakavyo, ila buti ziwe pembeni yake, za kuvaa akitaka kuingia. Akaandika hivyo kwenye taarifa, akatia sahihi. Funguo zikarudi mfukoni mwa mjomba zinang'aa kuliko siku zote. Mwalimu hatimaye akakubali kunyolewa upande wa kulia. Mkaza mjomba Jumamosi bado anatoa mafuta, ila sasa anapaka visigino, na anasema kwa sauti ya kawaida.

Kwa hiyo ule mstari wa njano upo. Kwenye picha yenu hauonekani kwa sababu aliyepiga kaukata, alikuwa na haraka ya kuonyesha kibao.

Na ndiyo sababu naandika haya nikiwa na hasira. Picha imefika makao makuu. Imefika kwa mkubwa mmoja ambaye taarifa ya afisa hajaisoma lakini maoni yenu kayasoma yote na vicheko elfu nne kavihesabu. Mjomba kapewa siku kumi na nne ajieleze kwa nini ana buti na hakuvaa. Binti wa watu naye kaulizwa kwa nini aliruhusu. Mjomba kajieleza kwa maneno manne, "Nikizivaa siwasikii, naomba mnielewe," na hajui kuongeza la tano. Zimebaki siku nne. Wakimtoa, atakayeletwa atakuwa na buti, na kinyozi ameshaanza kuwaambia wateja wake waandike wosia.

Sasa sikiliza, wewe uliyeisambaza. Ifute. Ingia sasa hivi, kabla hujafanya kingine, uifute. Na kama umeituma kwa watu wengi huwezi kuifuata yote ilikofika, basi rudi pale ulipocheka, uandike chini ya picha maneno mawili tu, yule mkubwa ayakute: yuko kazini.